Kiwanda chenye akili hakianzi na roboti

Ukitaja kiwanda cha kidijitali, yaani chenye mitambo inayoendeshwa na kuunganishwa kwa kompyuta, wengi hupata picha ya jengo kubwa lenye giza, roboti zinachapa kazi usiku kucha na hakuna mtu hata mmoja ndani. Picha hiyo imewatia hofu wafanyakazi bila kuwaeleza kitu, na imewaaminisha wenye viwanda vidogo kwamba mambo haya ni ya matajiri. Naona imetupotosha vya kutosha, kwa hiyo nazijibu hapa dhana sita zinazosikika mara nyingi.

"Ni teknolojia mpya kabisa"

Mwaka 1924 Sakichi Toyoda wa Japani alikamilisha mtambo wa kufuma nguo uliosimama wenyewe uzi ulipokatika. Mfanyakazi mmoja akaweza kusimamia mitambo mingi, kwa kuwa hakulazimika tena kuukodolea macho kila uzi.

Mwaka 1968 General Motors ya Marekani ilikuwa imechoka kusuka upya nyaya za makabati mazima ya rilei (swichi za umeme zinazoongoza mitambo) kila muundo wa gari ulipobadilika. Ilitaka kifaa kinachobadilishwa kwa programu. Timu ya Dick Morley ikaja na Modicon 084, mojawapo ya vifaa vya kwanza vya aina ambayo mafundi umeme leo huiita PLC, yaani kompyuta ndogo ya kuongoza mtambo. Vifaa vya namna hiyo vimo hata katika viwanda vyetu vya kujaza soda na maji, ndani ya kabati la umeme, na mafundi wetu wanavifahamu vizuri. Kilichoongezeka siku hizi ni vihisio (vifaa vya kupima hali ya mtambo) vya bei nafuu, mtandao wa kuunganisha mitambo, na programu zinazochambua taarifa zake.

"Mashine ikiingia, watu wanatoka"

Hapa jibu si moja. Siemens ina kiwanda huko Amberg, Ujerumani, kinachotengeneza hizohizo PLC. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, karibu robo tatu ya kazi hufanywa na mashine na kompyuta, na uzalishaji umepanda mara kadhaa tangu 1989, ilhali wafanyakazi wamebaki takriban 1,200.

Lakini wachumi Daron Acemoglu na Pascual Restrepo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, walionyesha kwamba kwenye maeneo ya Marekani yaliyopokea roboti nyingi viwandani, ajira na mishahara vilishuka. Kwa hiyo anayemwambia mfanyakazi wa mashineni asiwe na wasiwasi hata kidogo hamtendei haki. Mambo mawili yana uzito mkubwa: je, kiwanda kinatumia mashine kuzalisha zaidi au kupunguza watu tu? Na je, mafunzo yanatolewa kabla ya mtambo kufungwa, au fundi anakabidhiwa mwongozo siku ya kuwasha? Chama cha wafanyakazi kinachosubiri mashine iwashwe ndipo kidai mafunzo kimechelewa.

"Kadiri unavyoondoa mikono ya watu, ndivyo bora"

Dhana hii inakula fedha nyingi, na Tesla, kampuni ya Marekani ya magari ya umeme, iliilipia hadharani. Ilipoanza kutengeneza gari la Model 3, ilijaza roboti na mikanda ya kusafirishia vipuri iliyopishana kila upande. Magari hayakutoka kwa kasi iliyoahidiwa. Aprili 2018 mkuu wake, Elon Musk, akaandika kwamba kuzidisha otomatiki lilikuwa kosa, na kwamba binadamu hathaminiwi inavyostahili. Mikanda mingi iling'olewa, na mwezi Juni laini nyingine ya kuunganisha magari ikasimamishwa chini ya turubai, nje ya kiwanda chao cha Fremont.

Kisa kimoja alichokieleza baadaye kingefaa kusomwa na kila meneja wa uzalishaji. Kulikuwa na kipande cha mkeka wa nyuzi za kioo kilichowekwa juu ya betri. Roboti ilishindwa kukishika vizuri, maana kitu laini hujikunja, na laini nzima ya uzalishaji ikawa inakwama hapo. Walihangaika kuirekebisha roboti na kuiongezea kasi. Mwishowe wakauliza: mkeka huu ni wa nini? Waliohusika na usalama wa betri wakasema ni wa kupunguza kelele. Waliohusika na kelele wakasema ni wa kuzuia moto. Wakapima kelele ndani ya gari lenye mkeka na lisilo nao, wasione tofauti. Mkeka ukaondolewa, na kazi ya roboti ikaisha.

Swali lile lingeulizwa kwanza, fedha zote zile zingebaki mfukoni. Hatua isiyo na maana haiponi kwa kukabidhiwa mashine. Na anayejua hatua ipi haina maana mara nyingi ni mwendesha mtambo wa zamu, ambaye hakuna aliyemuuliza.

"Roboti zitarudisha viwanda vyote Ulaya"

Adidas ilijaribu. Ilifungua viwanda vya viatu vyenye roboti nyingi huko Ansbach, Ujerumani, na Atlanta, Marekani. Novemba 2019 ikatangaza kuvifunga, na baadhi ya teknolojia yake ikapelekwa kwa watengenezaji wake wa Asia. Vitambaa navyo vina shida ileile ya mkeka: vinateleza na kujikunja. Ndiyo maana cherehani za viwanda vya nguo vya Athi River, Kenya, bado zina watu mbele yake. Nafasi hiyo ya ajira ipo leo, ila sioni busara ya kuitegemea milele.

"Lazima ununue mitambo mipya"

Hapana. Mota ya miaka 30 inaweza kufungwa kihisio cha mtetemo na cha joto, kikamwonya fundi kwamba beringi inaelekea kufa kabla haijasimamisha laini. Pa kuanzia ni hata chini ya hapo: kuandika kila mara mtambo unaposimama, kwa muda gani na kwa sababu gani. Bila hilo hujui hata pa kukifunga hicho kihisio.

"Mtambo usio na intaneti hauwezi kushambuliwa"

Kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa 2010, kilikifikia kiwanda cha kurutubisha urani cha Natanz nchini Iran ingawa mitambo yake ilikuwa imetengwa na intaneti. Njia yake kubwa ilikuwa kifaa cha USB. Kilivuruga mwendo wa mashinepewa, yaani mitungi inayozungushwa kwa kasi kubwa kurutubisha urani, huku skrini zikiwaonyesha wasimamizi kwamba hali ni shwari.

Machi 2019 kampuni ya aluminiamu ya Norway, Norsk Hydro, ilikuta kompyuta zake zimefungwa na wahalifu waliodai malipo. Walipenya kupitia barua pepe iliyoonekana kutoka kwa mteja wa kuaminika. Kampuni ilikataa kulipa. Ilikadiria hasara ya wiki ya kwanza kuwa kroner (sarafu ya Norway) milioni 300 hadi 350, lakini baadhi ya viwanda vyake viliendelea kuzalisha kwa mkono, kwa karatasi na kwa watu waliokumbuka mitambo inavyoendeshwa bila kompyuta.

Kiwanda chochote kinaweza kujiandaa hivyo kwa gharama ndogo. Hifadhi nakala ya programu ya kila PLC mahali pasipounganishwa na mtandao. Chapisha hatua za kuendesha mtambo kwa mkono, zibandike karibu na mtambo wenyewe, na kila zamu izifanyie mazoezi mara kwa mara.