Usimulizi wa kidijitali: bahari kwa sauti ya mwanafunzi

Usimulizi wa kidijitali ni hadithi fupi ya kweli, aghalabu ya dakika mbili hadi tano, ambayo mwenyewe huisema kwa sauti yake na kuipamba kwa picha na milio. Ulianzia California, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Joe Lambert na Dana Atchley ni miongoni mwa waasisi wake. Siku hizi simu moja yatosha.

Uzito wote uko kwenye hiyo "sauti yake". Mwalimu akiwaonyesha wanafunzi filamu ya matumbawe, wametazama tu, hawajasimulia.

Hapa Mombasa tunaihitaji sana mbinu hii. Kuna watoto wanaovuka kwa feri ya Likoni kila siku, wanaona gari zikihangaika kupanda kutoka ferini maji yakipwa, na hakuna aliyewaeleza kwa nini leo pamekuwa na mwinuko mkali kuliko juzi.

Tuseme binti wa Mji wa Kale anakwenda kwa babu yake mvuvi, simu mkononi.

"Babu, bamvua ni nini?"

"Mwezi ukiandama, mjukuu wangu, na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na hupwa sana. Ndiyo bamvua. Ukiwa nusu, ni maji mafu."

Kwetu siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Binti anapiga picha ya ngazi za ufukweni saa hiyo, kisha anarudi papo hapo saa kumi jioni. Tofauti yaweza kupita mita 3. Akiziweka picha mbili zile chini ya sauti ya babu, ameshauona mvuto wa mwezi na jua kabla hajaukuta kitabuni.

Kazi ngumu, naamini, ni kuandika. Maneno kama 200 hivi, na ndani yake aseme yeye alidhani nini na sasa anajua nini. Bila hilo inakuwa taarifa tu. Sauti airekodi ndani ya nyumba, maana upepo wa kusi huvuma mpaka maneno yasisikike.

Na kabla ya kuipeleka darasani, amwombe babu ruhusa na amsikilizishe kwanza. Huenda akamsimamisha katikati: "Hapo umesema dau. Tazama, chombo kina matengo, zile mbao za ubavuni. Hiyo ni ngalawa." Basi binti anarudi kurekodi sentensi ile upya.