Kukausha nyama Mombasa: adui ni unyevu

Kazi yangu ni usindikaji wa vyakula, na swali ninaloulizwa sana hapa Mombasa ni hili: mbona papa huanikwa akakauka, lakini nyama ya ng'ombe nikiianika inavunda? Papa hutiwa chumvi nyingi mno, ndiyo maana huroweshwa kabla ya kupikwa. Nyama ya kutafuna hivi hivi haibebi chumvi kiasi hicho. Isitoshe, hewa yetu, hasa wakati wa kusi, ina unyevu tele. Maji ya nyama hayapati pa kwenda. Niliwahi kutundika kilo mbili kwenye roshani mwezi wa Juni. Siku ya tatu zilikuwa na utelezi, na pembeni madoa ya ukungu wa kijani. Nilitupa zote.

Tangu hapo natumia oveni. Muombe mwenye bucha steki ya paja isiyo na mafuta, maana mafuta hayakauki, huchacha. Iweke friza mpaka igande kidogo, kisha ukate vipande vya milimita 5. Mimi hukata kwa kukingama nyuzi, ili mama naye aweze kutafuna. Kilo moja naitia chumvi gramu 20, thomu, tangawizi, pilipili manga na maji ya ukwaju, ilale kwenye friji hadi asubuhi.

Sasa hatua ambayo wengi huiruka, nami naisisitiza kila mara: chemsha vipande ndani ya viungo vyake dakika 5, joto la ndani ya nyama lifike nyuzi 71 za Selsiasi. Oveni ya nyuzi 60 peke yake haitoshi. Nyama ikitoa maji hujipoza, kama mtu anayetokwa na jasho, na vijidudu vikishakauka huwa sugu kwa joto.

Ndipo upange kwenye waya bila kugusana, nyuzi 60, mlango uwe wazi kidogo mvuke utoke. Mimi hubana mwiko hapo. Usipandishe moto kwa haraka zako: nje hufanya gamba, maji yakafungika ndani. Baada ya saa 5 hadi 8, poza kipande ukikunje. Kipasuke, nyuzi nyeupe zionekane, ila kisikatike.

Ikipoa kabisa, itie kwenye chupa, uiweke friji. Kesho yake ukiona matone ndani ya kioo, irudishe oveni siku hiyo hiyo.