Je, wajua kwa nini amri za kompyuta ni fupi na kimya?

Mtu akifungua dirisha la amri la Linux au Mac kwa mara ya kwanza, hukerwa na mambo mawili. Kwanza majina: ls (kuorodhesha), cp (kunakili), mv (kuhamisha au kubadili jina), rm (kufuta), cd (kuingia kwenye folda). Herufi mbilimbili, utadhani aliyeyabuni alikuwa anawahi daladala. Pili ni ukimya. Unaandika cp barua.txt nakala.txt, unabonyeza Enter, na mashine haisemi kitu. Hakuna "tayari", hakuna "imefanikiwa". Mgeni hudhani amekosea, akaandika amri ileile mara tatu.

Wala hajakosea. Hebu aandike neno moja tu, tty. Kwenye Linux jibu litakuwa kitu kama /dev/pts/0, lakini tazama amri yenyewe: tty ni kifupi cha teletype, mashine ya chapa iliyofungwa kwenye waya. Unix, mfumo uliotuachia amri hizi, ulianza mwaka 1969 katika maabara za Bell Labs huko New Jersey, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Zama hizo njia ya kawaida ya kuzungumza na kompyuta ilikuwa mashine kama Teletype Model 33. Unagonga kitufe kizito, nayo inagonga herufi kwenye karatasi, kwa kelele ya kuamsha mtoto. Kasi yake ilikuwa herufi 10 kwa sekunde, basi.

Piga hesabu. Amri ya ls inachapwa kwa sehemu moja ya tano ya sekunde. Ingekuwa "orodhesha mafaili yote", hizo ni herufi na nafasi 22, yaani zaidi ya sekunde mbili, kila unapotaka kuchungulia folda. Na jibu je? Mafaili 60 yenye majina ya herufi kumi kumi ni dakika nzima ya mtambo kugongagonga karatasi. Ukiwa katika hali hiyo, hutaki kompyuta inayokusalimia.

Waliotumia simu za vitufe wataelewa haraka. SMS moja ilikuwa na nafasi ya herufi 160, na kila moja ilikuwa na bei. Ndipo tukaanza kuandika "nko njian" na "2taonana kesho". Hatukuwa wavivu, kila herufi ilikuwa na gharama yake.

Wakati mwingine ubanaji ulipitiliza. Unix ina wito, yaani ombi ambalo programu hupeleka kwa mfumo, wa kuunda faili unaoitwa creat: ni neno la Kiingereza create bila e ya mwisho. Thompson alipoulizwa angebadilisha nini kama angeiandika Unix upya, alijibu kwamba angeiongeza hiyo e. Na grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, si ufupisho wa neno lolote la kawaida. Inatokana na g/re/p, amri ya ndani ya kihariri cha zamani kiitwacho ed, yenye maana ya "tafuta mpangilio huu kila mahali, kisha uchapishe". Kihariri hichohicho ukikosea kilikujibu kwa alama moja tu: ?

Karatasi ilishaondoka zamani, lakini ukimya umebaki, na sababu yake ni nzuri kuliko ile ya kasi. Mwaka 1973 Unix ilipata bomba, alama ya |, wazo ambalo Doug McIlroy, mwenzao wa Bell Labs, alikuwa amelipigania kwa miaka. Bomba huchukua maneno yanayotoka kwenye programu moja na kuyamimina ndani ya nyingine. Jaribu:

ls | wc -l

Hapo ls inatoa majina, wc inahesabu mistari, unapata idadi ya mafaili. Sasa fikiria ls ingeanza na "Karibu! Haya hapa mafaili yako:". Hesabu ingezidi kwa moja, na wc isingejua. Programu inayopiga soga haiwezi kufanya kazi na wenzake. Kwa sababu hiyohiyo, makosa yamepewa njia yake ya pembeni, ili yasiingie kwenye bomba. Ukitaka kujua kama amri iliyopita ilifaulu, uliza mwenyewe kwa echo $?. Ikijibu 0, mambo shwari. Namba nyingine yoyote, kuna tatizo.

Ukimya huo una upande mchungu, nami niliuonja. Nilitaka kufuta mafaili yote yanayoanza na "rasimu", nikaandika rm rasimu * badala ya rm rasimu*. Nafasi moja tu. Kinyota kikisimama peke yake maana yake ni kila faili lililomo humu, na rm haina jalala la kuokotea. Ilinung'unika kwamba hakuna faili liitwalo rasimu, kisha ikafuta kazi ya wiki mbili bila neno la ziada. Tangu siku hiyo naandika kwanza ls rasimu*, natazama kinachoorodheshwa, ndipo nabadilisha ls kuwa rm.

Tabia hiyo ya kuuliza kabla ya kutenda ndiyo naona inafaa kujifunzia skripti pia. Skripti si chochote zaidi ya amri ulizozizoea, zikiwa zimeandikwa kwenye faili moja. Chukua picha za harusi ulizotumiwa kwa WhatsApp, zenye majina marefu kama "WhatsApp Image 2024-05-11 at 16.20.31.jpeg". Unataka kila jina lianze na "harusi-" (hapa p inasimama badala ya kila picha kwa zamu):

#!/bin/bash
for p in *.jpeg
do
  echo mv "$p" "harusi-$p"
done

Hifadhi skripti hii kwa jina badili.sh ndani ya folda yenye picha hizo, kisha ukiwa humo andika bash badili.sh. Kwa sababu ya echo, hakuna kinachobadilika, unaonyeshwa tu amri ambazo zingetekelezwa. Ukiridhika, ondoa neno echo na uendeshe tena. Halafu, kwenye nakala ya folda hiyo yenye majina ya awali, toa zile alama za kunukuu zinazozunguka $p uone kituko: mv itadhani "WhatsApp", "Image" na "at" ni mafaili tofauti na kulalamika. Dakika tano za kuharibu makusudi hivi zimewafundisha wengi maana ya alama za kunukuu kuliko sura nzima ya maelezo.

Git, chombo cha kutunza historia ya kazi yako, ni mtoto wa zama nyingine. Linus Torvalds, muasisi wa Linux, alianza kuiandika tarehe 3 Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, programu waliyokuwa wakiitegemea. Kufikia tarehe 7 Git ilikuwa tayari inatunza msimbo wake yenyewe. Karatasi haikuwapo tena, na ndiyo maana Git ni msemaji. Andika git status, nayo itakueleza faili gani limebadilika, lipi halijaandaliwa, na hata amri ya kutumia ukitaka kughairi. Anayeanza asome mistari hiyo badala ya kuiruka. Kama ile folda yangu ya rasimu ingekuwa imepitia git add na git commit, amri za kuhifadhi kazi kwenye historia, basi git restore . ingerudisha kila nilichokuwa nimeshakihifadhi, na nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Hata hivyo ufupi haukuondoka kabisa. Kila kinachohifadhiwa humo hupewa jina la alama 40 lililokokotolewa kutoka kwenye maandishi yenyewe, na kwa kuwa hakuna mtu wa kusoma alama 40, mara nyingi Git huonyesha saba za mwanzo. Kama umeshaiweka kwenye Linux au Mac yako, andika hii:

echo hello | git hash-object --stdin

Utaona mstari unaoanza na ce01362. Mwambie rafiki yako aliye Mombasa, Bujumbura au Muscat aandike vivyo hivyo. Naye ataona ce01362.