Jino la Mtakatifu Dominiko na nyoka wa Cocullo

Kazi yangu ni nyoka, na kila ninapoonyesha picha nilizopiga Cocullo swali la kwanza ni lile lile: "Wametolewa sumu?" Hawakutolewa, maana hawakuwa nayo tangu mwanzo. Swali la pili huulizwa kwa sauti ya chini, hasa na Wakatoliki wenzangu: inakuwaje sanamu ya mtakatifu ivishwe nyoka, kiumbe yule yule wa bustani ya Edeni? Jibu langu linaanzia kwenye jino.

Cocullo ni kijiji cha milimani huko Abruzzo, Italia ya kati, karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Wakazi ni kama mia mbili tu, lakini siku ya sikukuu huingia maelfu. Somo wao, yaani mtakatifu msimamizi wa kijiji, ni Dominiko wa Sora, abate Mbenedikto aliyezaliwa mwaka 951 na kufariki mwaka 1031. Usimchanganye na yule mwanzilishi wa Wadominikani, ambaye alizaliwa zaidi ya miaka mia baadaye. Huyu alizunguka milima hii akianzisha monasteri, na masimulizi ya kijiji yanasema alipokuwa anaondoka Cocullo aling'oa jino lake mwenyewe akawaachia watu, pamoja na kiatu cha chuma cha nyumbu wake. Masalia hayo mawili yanaheshimiwa kanisani hadi leo.

Sasa jiweke mahali pa mchungaji wa kondoo wa milima ile, zamani zile. Unahofia nini? Unahofia nyoka aliyejificha chini ya jiwe unalotaka kukalia, na mbwa mwenye kichaa anayeweza kulivamia kundi na wewe mwenyewe. Ukisalimika na hao, usiku gego linaanza kupiga na mng'oa meno yuko ng'ambo ya mabonde matatu. Yote matatu ni habari ya meno, na ndiyo hasa ambayo watu wa huko humwombea Dominiko awakinge nayo. Ukishalishika hilo, mambo mengi ya sikukuu hii hayashangazi tena.

Chukua kengele. Kanisani kuna kengele ndogo, na mahujaji hupanga foleni kuivuta kwa meno ili wasiumwe na jino mwaka mzima. Mimi pia niliivuta, nikiwa na gego lililonisumbua tangu Dar es Salaam. (Lilikuja kung'olewa na daktari. Kengele ni kinga, na mimi nilikuwa nimechelewa.) Kuna pia udongo. Watu huuchota mle mle kanisani, wakaenda nao nyumbani kuunyunyiza mashambani na kuzunguka nyumba, ili nyoka na wadudu waharibifu wakae mbali. Nilimwona bibi mmoja akiutia kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga mafundo mawili, kama mtu anayetoka sokoni na dagaa.

Nyoka wenyewe hukamatwa na watu wanaoitwa serpari. Huanza kazi mwishoni mwa Machi, theluji inapoyeyuka na nyoka wanapotoka mashimoni kuota jua. Ufundi huu hurithiwa nyumbani, na siku hizi utawakuta wanawake na vijana wadogo pia. Nyoka ni wa aina nne. Wa kwanza ni cervone, mwenye mistari minne myeusi mwilini, anayeweza kupita mita mbili, na mpole kiasi cha kumfanya mtalii ajione shujaa. Saettone ni mwembamba na hodari wa kupanda miti. Biacco ni mweusi, mwepesi, na ana hasira. Akikuuma utatoka damu kidogo na aibu nyingi. Wa nne ni biscia, nyoka wa majimaji, ambaye ukimshika hutoa harufu mbaya au hulala chali ulimi nje akijifanya maiti. Mwenye sumu yuko milimani, wa jamii moja na kifutu wetu, lakini serpari wanamjua na wanampita.

Misa ikiisha, mchana, sanamu hutolewa mlangoni na serpari humtwika somo wao nyoka mabegani. Hapo ndipo ninapofurahi kwa namna yangu. Cervone na saettone ni wapandaji, kwa hiyo hutafuta pa kujishikiza: mkono, fimbo, taji. Dakika chache tu somo amefungwa mafundo hai mpaka kichwani. Wapo wanaosema nyoka wakimfunika macho mwaka utakuwa mbaya, basi kila shingo hunyooka kutazama. Maandamano huzunguka vichochoro kwa nyimbo na beramu, na wasichana wawili waliovaa mavazi ya jadi hubeba kichwani vikapu vya mikate ya mviringo.

Tarehe nayo ina maneno yake. Dominiko alifariki 22 Januari, na hiyo ndiyo kumbukumbu yake kikanisa. Lakini Januari Cocullo ni theluji tupu na nyoka wamelala. Sikukuu ya nyoka ilikuwa Alhamisi ya kwanza ya Mei, na sasa ni 1 Mei, ambayo ni mapumziko ya kitaifa, hivyo waliohamia mijini wanaweza kurudi.

Waongoza watalii hupenda kusema yote haya ni mabaki ya Angizia, mungu wa kike wa Wamarsi, watu wa eneo hilo waliosifika kwa kutuliza nyoka tangu enzi za Warumi. Virgil, mshairi wa Kirumi, anamtaja kuhani wao mmoja katika utenzi wake wa Aeneid. Huenda uhusiano upo. Mimi sipendi kuruka karne nyingi kwa hatua moja wakati mchungaji mwenye gego bovu yuko karibu zaidi. Hata Usukumani, Bayeye, yaani chama cha wacheza nyoka, hucheza na chatu kwenye sherehe ya ngoma ya Bulabo pale Bujora, karibu na Mwanza, siku za sikukuu ya Ekaristi, na sababu yake utaipata kwa Bayeye wenyewe kuliko kwenye magofu.

Nyoka hawa wanalindwa kisheria, kwa hiyo kuwakamata kunahitaji kibali. Kabla ya kuachiwa, wataalamu huwapima urefu na uzito na kuwawekea chipu ndogo chini ya ngozi, hivyo yule aliyepanda taji mwaka huu akikamatwa tena hujulikana. Kisha kila mmoja hurudishwa pale pale alipookotwa. Nilimsindikiza serparo mmoja kwenye ukuta wa mawe juu ya kijiji. Alifungua mfuko, cervone akatoa kichwa, akaonja hewa kwa ulimi, akaingia kati ya mawe mawili bila haraka. Mzee aliukunja mfuko mara nne, akautia mfukoni, akaniuliza kama kwetu ni kweli kuna nyoka wanaotema mate.