Dawa za kuzuia damu kuganda wakati wa ujauzito

Damu ya mjamzito huganda upesi kuliko ya mwanamke asiye na mimba, na hilo si ugonjwa, kwa kuwa mwili hujiandaa mapema ili mama asivuje damu nyingi akijifungua. Maandalizi hayo, hata hivyo, yana hatari yake: uwezekano wa damu kuganda ndani ya vena za mguu au nyonga huongezeka mara 4 hadi 5, na hatari huwa kubwa zaidi katika wiki 6 baada ya kujifungua. Mara nyingi mguu unaoathirika ni wa kushoto, kwa sababu vena yake hubanwa na ateri inayopita juu yake nyongani. Bonge likimeguka na kufika mapafuni, laweza kuua. Kwa hiyo mguu mmoja ukivimba na kuuma usichukuliwe kuwa uvimbe wa kawaida wa mimba, na pumzi ikibana ghafla mama apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Dawa hizi haziyeyushi bonge lililokwisha kuwapo, bali hulizuia lisikue na huzuia mengine yasitokee, huku mwili wenyewe ukiliondoa taratibu. Ndiyo maana matibabu huchukua miezi.

Uchaguzi wa dawa hutegemea kondo la nyuma. Vidonge vya warfarini hupenya kondo na kumfikia mtoto. Vikitumiwa hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 vyaweza kudhuru ukuaji wa pua na mifupa ya mtoto, na baadaye vyaweza kumfanya avuje damu. Vidonge vipya kama rivaroksabani navyo havishauriwi. Heparini haipenyi, kwa kuwa molekuli zake ni kubwa, na kwa hiyo wajawazito wengi huandikiwa sindano ya enoksaparini, ambayo ni aina ya heparini yenye molekuli ndogo kidogo, lakini nayo haipenyi kondo. Mwenye vali bandia ya moyo ni suala la pekee, na huamuliwa na daktari bingwa.

Kwa kinga, mama mwenye kilo 50 hadi 90 kwa kawaida hupewa miligramu 40 mara moja kwa siku. Kwa tiba, dozi hupimwa kwa uzito wake. Mama hubana kikunjo cha ngozi ya tumbo, huingiza sindano hapo, wala hapasugui baadaye. Hofu ya wengi ni mtoto kuchomwa, lakini sindano ni fupi na huishia kwenye mafuta chini ya ngozi. Wasomaji Waislamu wana haki ya kujua pia kwamba enoksaparini hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe, na ni vyema kumwuliza daktari mapema kuliko kuacha dawa kimyakimya.

Uchungu ukianza, mama asijidunge tena mpaka aonane na wahudumu, kwani ganzi ya mgongoni husubiri saa 12 baada ya dozi ya kinga na saa 24 baada ya dozi ya tiba. Aliyetibiwa bonge huendelea na dawa angalau wiki 6 baada ya kujifungua, na jumla ya matibabu isipungue miezi 3. Katika kipindi hicho anaweza kunyonyesha, awe anatumia heparini au amehamishiwa warfarini.