Mikono Huru, Akili Rehani: Dhana Potofu za Simu kwa Madereva wa Mizigo

"Mwalimu, mimi sishiki simu barabarani. Natumia hedifoni."

Juzi nimeambiwa tena hivyo, safari hii na kijana anayepeleka vyakula Mikocheni na Masaki, tena kwa fahari ya mtu aliyefaulu mtihani kabla ya kuufanya. Ninafundisha madereva wa kazi: bodaboda wa vifurushi, vijana wa kirikuu (vile vipikapu vidogo vya mizigo), madereva wa vigari vinavyosambaza soda na mikate madukani. Kila darasa halikosi mtu wa namna hii, na wenzake humtazama kama ndiye mstaarabu wao. Nimechoka kubishana. Naandika hapa mara moja, atakayeniletea hoja hiyo tena nitamwambia akasome.

"Nikivaa hedifoni niko salama, mikono yote iko kwenye usukani."

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo. Anayeamini hivi anadhani ubaya wa simu uko mkononi. Kama tatizo lingekuwa mkono mmoja kuondoka kwenye usukani, madereva wa kirikuu wangekuwa wameshakwisha, maana kutwa nzima wanabadili gia kwa mkono.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Toronto, Redelmeier na Tibshirani, waliwachukua madereva waliopata ajali na waliokuwa na simu, wakalinganisha saa ya ajali na rekodi za simu walizopiga na kupokea. Wakakuta kwamba dereva anapoongea na simu, hatari ya kugonga inapanda karibu mara nne. Na wale waliokuwa wakiongea bila kushika simu? Hawakuonekana kuwa na nafuu. Mwaka 2005 huko Perth, Australia, utafiti wa aina hiyo ukafanywa kwa madereva waliofikishwa hospitali baada ya ajali. Mara nne ile ile, uwe umeishika au hukuishika. Shirika la Afya Duniani nalo limekuwa likisema jambo hilohilo kwa miaka.

Sababu iko kichwani. Profesa David Strayer wa Chuo Kikuu cha Utah aliwaweka watu kwenye mashine ya kuigizia udereva, akawafuatilia macho wanatazama wapi, kisha akawauliza walichokiona njiani. Waliokuwa wakiongea na simu kwa hedifoni walishindwa kuyakumbuka mabango ambayo macho yao yalikuwa yametua juu yake kabisa. Jicho lilifika, akili haikupokea. Halafu mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, wakapima ubongo wa watu wanaoendesha mashine kama hiyo huku wakisikiliza sentensi na kuamua kama ni kweli au uongo. Shughuli katika sehemu ya ubongo inayohusika na nafasi na mwelekeo ilishuka kwa asilimia 37. Hawakuwa wakizungumza, walikuwa wakisikiliza tu. Kwa hiyo ninyi mnaojitetea kwamba "mimi huwa nasikiliza tu sauti za WhatsApp, sijibu", jibu lenu ndilo hilo.

Sasa tuilete hapa Dar, Barabara ya Shekilango, saa saba mchana. Kijana yuko nyuma ya daladala, bosi yuko sikioni: "Yule mama wa Sinza amelipa au bado? Una chenji ya elfu kumi? Mzigo wa Kijitonyama umeupakia wa juu au wa chini?" Kila swali linamtoa barabarani. La kwanza linampeleka getini kwa mama, la pili linamfanya ahesabu noti zilizo mfukoni, la tatu linampangua boksi kichwani. Wakati huo konda wa daladala ameshachomoza nusu ya mwili mlangoni na anagonga bodi kwa kiganja. Dereva wa bodaboda ambaye akili yake iko hapo, ule mkono wa konda humtosha: anajua gari litajibana kushoto na kusimama, anaachia mafuta kabla taa ya breki haijawaka. Mwenye bosi sikioni anakuja kuiona taa. Tofauti ya hapo ni sekunde moja, na kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa sekunde moja ni karibu mita 14. Nyuma ya daladala la Shekilango, mita 14 utazitoa wapi?

Hapo huulizwa: mbona redio mnaturuhusu? Redio haikungojei. Mtangazaji hajui kama umemsikia, na ukimsahau hadi umalize mzunguko hatakuuliza "haloo, upo?" Strayer alilipima hilo pia mwaka 2001, redio na vitabu vya kusikiliza, na havikumvuruga dereva kama simu ilivyomvuruga.

Na abiria je? Abiria anaona unachokiona. Lori likichomoza ananyamaza mwenyewe, na wengi hupiga kelele kabla yako. Aliyeko kwenye simu yuko dukani kwake Kariakoo amekaa kwenye kiti, haoni lori wala haoni mtoto, anaendelea na hoja yake ya chenji.

Mwingine atanikumbusha sheria. Kenya faini ya papo kwa papo ya kutumia simu gari likiwa kwenye mwendo ni shilingi 2,000. Uingereza kushika simu ni kosa tangu Desemba 2003, lakini hedifoni hawajaikataza. "Basi si inaonyesha ni salama?" Hapana, inaonyesha kwamba polisi anaweza kuona simu iliyoshikwa lakini hawezi kuona mazungumzo yaliyomo kichwani mwako. Sheria hushika kinachoshikika. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, NTSB, ilipendekeza Desemba 2011 kwamba madereva wakatazwe vifaa hivi hata vile visivyoshikwa, baada ya kuchunguza ajali ya Missouri ya mwaka 2010 ambapo dereva wa pikapu alikuwa ametuma na kupokea ujumbe 11 ndani ya dakika 11. Watu wawili walikufa. Wachunguzi, ambao hawana kazi ya kuandika faini, waliona mbali zaidi ya watunga sheria.

Na wapo waliotoa hedifoni wakaiona simu yenyewe inatosha: wanaichomeka ndani ya helmeti, kati ya shavu na sponji, wanaongea huku kidevu kimepinda. Kaka, helmeti hufanya kazi kwa sababu imekubana. Ili simu iingie, umelegeza mkanda, na sasa kuna kipande kigumu cha chuma na kioo kimelala moja kwa moja juu ya mfupa wa shavu. Ukianguka, ndicho kitakachokupokea kwanza. Tena simu hiyo huteleza kila tuta, na kila ikiteleza mkono unapanda kuisukuma. Kwa hiyo hata ile "mikono huru" yenyewe hamna.

"Kumpigia dereva ni kumsimamia."

Hii ni ya mabosi, nao wananisumbua karibu sawa na madereva. Mwenye pikipiki tatu za mkataba na duka la mtandaoni anaamini kwamba asipopiga kila robo saa, kijana atakwenda kukaa kijiweni. Ananiletea vijana niwafundishe usalama, kisha katikati ya zoezi la barabarani simu ya kijana inaita, na anayepiga ni yeye.

Marekani walilielewa hili. Kanuni yao ya Januari 2012 inayomkataza dereva wa gari la biashara kushika simu ilimwekea dereva faini ya hadi dola 2,750, na kampuni inayoruhusu au kumtaka aitumie hadi dola 11,000. Angalia nani aliwekewa mzigo mzito. Dereva hawezi kukata simu ya mtu anayempa hesabu ya siku, na waliotunga kanuni walijua.

Bosi, ukitaka kujua kijana yuko wapi, mfungie kifaa cha kufuatilia pikipiki, au kubalianeni vituo vya kuripoti: akipakia, akishusha. Kati ya hapo, mwache. Kijana asipopokea simu akiwa njiani, mshukuru, kwa sababu mzigo wako bado uko salama.

Kwa dereva, nina utaratibu ambao wanafunzi wangu hunicheka kwa kuurudiarudia, na nitaendelea kuurudia. Kabla ya kuwasha, mpigie mteja simu moja ya maana. Muulize yote hapo hapo: mtaa gani, nyumba namba ngapi, analipa taslimu au kwa simu, chenji. Tangu zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022, nyumba nyingi za Dar zina namba na mitaa ina vibao, lakini wateja bado wanatuelekeza kwa "ukifika kwenye duka la Mangi nipigie." Usikubali "nipigie". Omba namba au akutumie lokesheni kabla hujaondoka. Kisha funga mazungumzo: "Nimetoka. Nikifika getini nitapiga mwenyewe." Mteja aliyeambiwa hivyo hupunguza kupiga, kwa kuwa wengi hupiga kwa wasiwasi tu.

Halafu fungua ramani ukiwa umesimama, shika kona tatu kichwani. Kona tatu tu. Ukizimaliza, tafuta pa kusimama, shika tatu nyingine. Utaniambia inachelewesha. Kutoka Mwenge kwenda Mbezi Beach kona za kukumbuka zenyewe hazifiki sita, nyingine zote ni Barabara ya Bagamoyo moja kwa moja. Simu iweke kwenye hali ya kutosumbua: za siku hizi karibu zote zinayo, na nyingine hujibu zenyewe kwa ujumbe kwamba uko barabarani.

"Nachungulia tu, sekunde moja."

Hakuna anayechungulia sekunde moja. Mwaka 2009 taasisi ya usafiri ya chuo cha Virginia Tech, Marekani, ilichambua video za madereva wa malori wakiwa kazini. Waliokuwa wakiandika ujumbe walikuwa wameondoa macho barabarani kwa sekunde 4.6 ndani ya kila dirisha la sekunde sita, na hatari yao ya kugonga au kukoswakoswa ilikuwa mara 23 ya asiyeandika. Sekunde 4.6 kwa kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo chetu mijini, ni mita 64 ukiwa kipofu. Sina la kuongeza.

"Kwenye taa nimesimama, hainihusu."

Inakuhusu, kwa sababu akili haisimami na kuondoka pamoja na tairi. Strayer na wenzake, katika kazi waliyoifanyia AAA, taasisi ya usalama barabarani ya Marekani, mwaka 2015, waliona kwamba baada ya kumaliza kutumia mifumo ya sauti ya gari na simu, akili ya dereva inaweza kuchukua hadi sekunde 27 kurudi barabarani kikamilifu. Sasa fikiria bodaboda walivyojipanga mbele kwenye taa za makutano ya Morocco, wanaondoka kabla kijani haijawaka vizuri, na wewe umemaliza kusoma "uko wapi?" sasa hivi tu. Unaingia makutano ukiwa bado unamjibu mtu kichwani. Uingereza, ukishika simu kwenye taa nyekundu injini inaunguruma, ni kosa kama unaendesha. Ukitaka kusoma, toka barabarani, zima injini, soma hata gazeti zima.

"Mimi mzoefu, nina miaka kumi barabarani."

Strayer yule yule na mwenzake Watson walipima watu 200 mwaka 2010 kuona nani anaweza kuendesha na kuongea bila kuharibu hata kimoja. Walipatikana asilimia 2.5, yaani watano. Utafiti mwingine wa Utah mwaka 2013 ukaonyesha kwamba wanaojiamini sana kufanya mambo mawili kwa pamoja ndio wenye uwezo mdogo. Kila nikisoma takwimu hiyo darasani, mikono ya wanaojihesabu miongoni mwa wale watano huwa zaidi ya mitano.

"Nikiwa na kishikizo cha simu, tatizo limekwisha."

Kishikizo kinasaidia ramani isiwe mapajani, basi. Lakini wengi mnakifunga kwenye mguu wa kioo cha pembeni, simu inaziba kioo, na mnapoitazama shingo inageuka. Kiweke katikati, karibu na mita ya spidi, sauti ya maelekezo iwashwe, skrini uiache. Na kwa wenye simu za bei: mwaka 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba mtikisiko wa pikipiki zenye injini kubwa unaweza kuharibu kamera ya iPhone, na hata kwa pikipiki ndogo wakashauri kishikizo chenye mpira wa kupunguza mtikisiko. Wanafunzi wangu wa mbavu ngumu, ambao mita 64 za upofu hazikuwagusa, hilo la kamera liliwafanya waitie simu ndani ya boksi siku hiyohiyo.