Kutoa D4 na kuweka 2AZ-FE: sensa na kontrol boksi ndizo zenye kazi

Mwenye Noah au Voxy ya AZR60 aliyechoka na D4, yaani 1AZ-FSE ya cc 1,998, anaweza kuweka 2AZ-FE ya cc 2,362, ile ya Ipsum na Harrier. Injini hizi ni za ukoo mmoja, kwa hiyo kufunga chuma hakusumbui sana. Gari hukwama kwenye umeme.

Kontrol boksi (kompyuta ya injini) ya D4 haifai kuendesha 2AZ-FE. D4 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, nozeli zake zinasukumwa na kifaa cha pembeni kiitwacho EDU, na kompyuta inasubiri taarifa ya sensa ya presha kubwa ya mafuta. Nozeli za 2AZ-FE ni za kawaida, zina omu 13.4 hadi 14.2, na zinataka presha ya kPa 304 hadi 343 tu. Kwa hiyo nunua injini ikiwa na kontrol boksi yake, waya zake zote bila kukatwa, sensa ya hewa pamoja na boksi la filta, sensa ya ekzosi, na pedali ya mafuta kama throtoli ni ya umeme. Gia boksi nayo ije, kwa sababu kompyuta hiyohiyo ndiyo inayobadilisha gia za otomatiki. Muuzaji akikwambia waya utazipata kwingine, tafuta muuzaji mwingine.

Sensa ya hewa ndiyo inayowadanganya mafundi wengi. Inapima kasi ya hewa inayopita kwenye waya wa moto, kisha kompyuta inakadiria kiasi cha hewa kwa kipenyo cha bomba inachokijua. Ukiitoa kwenye bomba la milimita 60 ukaiweka kwenye la 70, eneo linaongezeka mara 1.36. Hewa halisi inazidi ya hesabu kwa karibu asilimia 36, petroli inakuwa haba, gari linakosa nguvu na injini inagonga, yaani petroli inalipuka vibaya ndani ya silinda. Hamisha boksi zima.

Sensa ya ekzosi nayo ina aina mbili. Ya kawaida hucheza kati ya volti 0.1 na 0.9, ya A/F (ya uwiano wa hewa na petroli) hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa, hata soketi za waya zikifanana. Fuata ile ambayo kontrol boksi yako inaijua. Sensa ya kugonga, inayosikiliza injini ikigonga, pia ina maumbo mawili yasiyobadilishana, na waya wake wenye ngao usiuunge kwa waya wa kawaida, maana waya huo utaokota kelele za umeme za koili za plagi.

Kati ya injini na bodi zinabaki waya chache zenye uzito: umeme wa kudumu, umeme wa swichi, rilei kuu, stata, swichi ya P/N (inayojua gia iko P au N), alama ya spidi, dashibodi, na immobilaiza (kinga ya wizi inayotambua ufunguo). Injini ikiwaka sekunde moja kisha ikazima, anza na immobilaiza: lete ufunguo na koili ya kuusoma kutoka gari lililotoa injini, au kontrol boksi iandikwe upya. Alama ya spidi ikikosekana, gia hubadilika vibaya.

Athi zifungwe kwenye chuma kisicho na rangi. Ukipiga stata, kati ya athi ya kontrol boksi na hasi ya betri isionekane zaidi ya volti 0.1. Sensa ya kranki, ikiwa baridi, isome omu 985 hadi 1,600. Waya wa marejeo wa sensa uwe na volti 5. Injini ikiwa baridi, joto la maji kwenye mashine ya kupimia lilingane na joto la nje. Rezista (kipande chenye omu zisizobadilika) iliyowekwa badala ya sensa ya joto huzima taa ya injini ya dashibodi tu, huku petroli ikimwagwa kwa injini iliyokwisha kupata moto.

Ikishatulia, endesha kisha soma kwenye mashine ya kupimia marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Ndani ya asilimia 10 juu au chini ni sawa. Yakizidi +20, kagua hewa inayoingia baada ya sensa kabla ya kugusa kitu kingine.